Usiku Usiowashwa Taa

Februari, Tartu. Mto umeganda, watu wanaukata kwa miguu
kama waliosahau kwamba ni mto.
Mezani nina jedwali la mzee Heldur Põldsam,
mlinzi wa mnara kisiwani Saaremaa,
aliyehesabu nondo miaka thelathini na mmoja
kwa taa, shuka jeupe na penseli.

Kila mstari mambo matatu: usiku, jina, idadi.
Mistari laki mbili na kumi na nne elfu
imesimama wima kama foleni ya mkate.
Mkuu wangu anataka matriksi:
usiku ushuke upande huu, majina yapite upande ule,
na penye kila njiapanda, idadi.

Nilianza kama mjinga aanzavyo, kwa kitanzi.
Chukua mstari. Tafuta usiku wake. Tafuta jina lake.
Kama halipo, ongeza safu. Weka saba. Rudi.
Sikujua kwamba kwa kila safu niliyoongeza
kompyuta ilikuwa ikibomoa nyumba nzima,
ikibeba kila tofali hadi kiwanja kipya,
ikiijenga tena, ile ile, na chumba kimoja zaidi:
mgeni mmoja akipiga hodi, wote wanahamishwa na magodoro yao.
Nikachemsha chai. Nikala mkate mweusi.
Nikaenda kulala, nikarudi.
Asilimia tisa.

Aado wa meza ya pili, atoaye maneno kama atoaye akiba,
alisimama nyuma yangu, koti likidondosha theluji.
“Hesabu wageni kwanza,” akasema. “Jenga mara moja.
Kisha usiwaite mmoja mmoja.
Mpe kila mtu anwani, namba ya usiku, namba ya jina,
uwaambie wote: ingieni.”

Usiku elfu nne na ishirini na sita.
Majina mia sita na kumi na mawili.
Vyumba milioni mbili na nusu hivi,
nikavijaza sifuri vyote kwa amri moja.
Nikapanga anwani safu mbili, idadi safu moja,
nikakumbuka kujumlisha kwanza waliogongana
(maana wawili wakipewa chumba kimoja
wa mwisho humfuta wa kwanza, na hakuna anayelia),
nikabonyeza.
Mkono haukuwahi kukifikia kikombe.

Nilicheka peke yangu, nakiri. Nikaichora kwa rangi.
Ndipo nikauona ukanda:
Agosti, daftari la kumi na tisa,
usiku kumi na mmoja mfululizo, sifuri, sifuri,
Agosti, mwezi ambao nondo hupiga kioo kama mvua.

Nikaliteremsha daftari lenyewe. Linanuka mafuta ya taa.
Ukurasa hauna nondo. Una mstari mmoja:
*Hilja kalazwa Kuressaare. Taa sikuwasha.*

Sasa sifuri ile ni ya nani?
Nilikuwa nimemsingizia mzee kwamba alitoka,
akatandika shuka, akangoja hadi alfajiri,
na giza likamnyima.
Hakutoka. Alikuwa kitini, kando ya kitanda cha chuma,
akihesabu kitu kingine.
Jedwali halikusema uongo. Jedwali lilinyamaza.
Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba yake,
na haraka yangu nzuri.

Nikaanza upya. Safari hii niliijenga nyumba kwa kutojua:
kila chumba *haijulikani*, tangu mlango hadi mlango.
Kisha sifuri, lakini kwa usiku ule tu
ambao shuka lilitandikwa.
Kisha idadi, zote kwa pamoja.
Amri tatu badala ya mbili. Chai ilikuwa bado ya moto.

Katika mchoro ukanda umebaki mweupe.
Aado akauliza kama printa imeishiwa wino.
Nikasema hapana, ni Hilja.
Akainama karibu.
“Alipona?”

Usiku wa kumi na mbili, daftari linasema:
wa kijivu watatu, wa kahawia mmoja, upepo wa magharibi.
Halisemi zaidi.